MTU MWENYE MAJINA MENGI



Mwezi huu tuache kidogo habari za palizi na dawa ya mikorosho. Tuzungumze juu ya mtu mmoja aitwaye Jamil Mukulu. Mtu huyu si Mtanzania. Ni Mganda. Lakini alikamatwa hapa hapa Tanzania mwezi wa Aprili, mwaka 2015. Habari zake zinatuhusu sisi wa Kibaha na Kisarawe, kwa sababu jeshi kama lake haliwezi kuwako bila vijana. Na vijana hao hutoka katika nyumba za watu.

ALIANZAJE?

Mukulu alizaliwa Uganda katika miaka ya 1960. Alilelewa katika Ukristo, na baadaye akasilimu. Mwaka 1991 palitokea ugomvi wa kugombea makao makuu ya Waislamu mjini Kampala. Askari polisi waliuawa. Mukulu alikuwa miongoni mwa watu waliotiwa ndani.

Katikati ya miaka ya 1990 kikazaliwa kikundi cha wapiganaji kiitwacho ADF. Maana ya jina hilo ni Majeshi ya Muungano ya Kidemokrasia. Mukulu akawa mkuu wake. Kikundi kilisema kinataka kuiondoa serikali ya Uganda. Kambi zake zilikuwa katika milima ya Ruwenzori na katika misitu ya mashariki ya Kongo.

Je, ni nani walioumia? Tarehe 8 Juni 1998 wapiganaji hao walikiingilia Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, magharibi ya Uganda. Walifunga mabweni na kuyatia moto. Wanafunzi wapatao 80 waliungua hadi kufa. Wengine walitekwa. Hao hawakuwa askari. Walikuwa vijana waliopelekwa na wazazi wao kujifunza kazi ya mikono.

VIKWAZO NI NINI?

Mwezi wa Oktoba 2011 Umoja wa Mataifa ulimwekea Mukulu vikwazo. Maana yake ni hii: kila nchi mwanachama yatakiwa kumzuia asisafiri, na kuzuia fedha na mali yake isitumike. Jina lake liliandikwa katika orodha inayosomwa na serikali zote.

Lakini hapo palikuwa na shida. Mtu huyu hakuwa na jina moja. Orodha ya Umoja wa Mataifa ilitaja majina mengi. Aliitwa Steven Alirabaki. Aliitwa Hussein Muhammad. Aliitwa Mzee Tutu. Aliitwa pia Julius Elius Mashauri na David Amos Mazengo. Yasome tena majina hayo mawili ya mwisho. Mtu akikuambia anaitwa Mazengo, si utadhani ni ndugu yetu kutoka Dodoma?

MKUU AONDOKA, VIJANA WABAKI

Mwanzoni mwa mwaka 2014 jeshi la Kongo lilianza kuzishambulia kambi za ADF. Mwezi wa Aprili liliiteka kambi yao kubwa, iliyoitwa Madina. Mukulu hakupatikana. Alikuwa amekwisha kuondoka. Wapiganaji, pamoja na wanawake na watoto, walibaki msituni.

Mwaka mmoja baadaye akakamatwa Tanzania. Alifikishwa mahakamani Dar es Salaam, na mwezi wa Julai 2015 akarudishwa Uganda. Huko alishitakiwa kwa makosa ya mauaji na ugaidi. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, si kazi ya gazeti hili. Sisi tulitazame jambo moja tu. Kambi ilipovunjika, mkuu alipata njia ya kutokea, na alikuwa na majina ya kutumia. Kijana aliyemfuata hakuwa na jina la pili wala nauli.

MOTO HAUKUZIMIKA

Baada ya Mukulu, uongozi ulichukuliwa na Musa Baluku. Huyu naye aliwekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Alikiunganisha kikundi na lile kundi linalojiita Dola ya Kiislamu.

Damu ya Tanzania pia imemwagika. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinzi wa amani huko Semuliki, Kongo, ilishambuliwa. Wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa. Umoja wa Mataifa ulisema wapiganaji wa ADF ndio walioshukiwa. Tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, mjini Mpondwe, Uganda, ilivamiwa. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Na mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo kwa mmoja wa viongozi wa kikundi hicho, Ahmad Mahmood Hassan. Huyo ni Mtanzania.

Unaona basi, ndugu yangu, jambo hili si la mbali.

Sisi wa Mkoa wa Pwani tunayo makovu yetu. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa risasi Kibiti. Viongozi wa vijiji nao waliuawa katika siku zile. Sisemi kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Mukulu. Nasema tunajua jinsi kijiji kinavyokuwa watu wanapoogopa hata kuwasha taa.

CHAMBO CHAO NI KAZI NA MASOMO

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliwahoji watu waliotoroka katika kambi za ADF. Wengi walisema hawakuitwa vitani. Waliahidiwa kazi. Wengine waliahidiwa masomo ya bure. Walipofika msituni, safari ikawa haina kurudi. Aliyejaribu kutoroka aliweza kuuawa.

Wewe ni mkulima wa mihogo. Unaujua ugonjwa wa michirizi kahawia. Shina laweza kuonekana zima na majani ya kijani. Siku ya kuvuna unakuta muhogo umeoza ndani. Kwa hiyo bwana shamba hukuambia usiitazame pingili tu. Uliza imetoka shamba gani.

Ahadi ya kazi ni kama pingili. Barabara kuu ya Morogoro inapita Kibaha. Reli ya TAZARA inapita Kisarawe. Wageni wengi wanapita, na wengi wao ni watu wema wanaotafuta riziki. Hatuwezi kumkataa kila mgeni. Lakini tunaweza kuuliza. Kabla mwanao hajapanda gari, uliza haya:

1. Anayetoa kazi hiyo ni nani, na nani mwingine anamfahamu?
2. Mahali pa kazi au chuo ni wapi? Je, mzazi anaweza kufika na kupaona?
3. Kwa nini nauli inalipwa na mtu asiyetaka kutaja jina lake?
4. Kwa nini kijana ameambiwa asiwaambie wazazi?

Mtu mwenye kazi ya halali hatakasirika akiulizwa. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

DINI SI KOSA

Tusikosee hapa. Kusali si kosa. Kufuga ndevu au kuvaa kanzu si kosa. Waislamu wenyewe wameuawa na watu wa namna hii. Mwezi wa Mei 2021 Sheikh Ali Amin wa mji wa Beni, Kongo, alipigwa risasi akiwa msikitini. Yeye alikuwa akiwakemea wapiganaji hao mbele ya waumini. Usimtuhumu jirani kwa sababu ya dini yake au kabila lake. Tazama matendo.

TUFANYE NINI?

Mgeni akija kukaa kijijini, apelekwe kwa mwenyekiti na kwa mtendaji, aandikwe katika daftari la wakazi. Hiyo ni heshima, wala si kumtesa.

Kijana akipotea nyumbani, usifiche kwa aibu. Mwambie balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti au mtendaji siku ile ile. Polisi wanapatikana kwa simu namba 112. Kijana aliye njiani bado anaweza kurudishwa. Aliyekwisha kuvuka mpaka ni vigumu kumpata.

Tena usichukue sheria mkononi. Ukimshuku mtu, toa habari. Usimpige.

Na kwa vijana nasema hivi: ekari moja ya mananasi hapa Kisarawe haitakupa utajiri wa siku moja. Lakini unajua mipaka yake, na jioni utalala kwenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mukulu alitumia majina mengi. Kwa nini?
2. Kambi ilipotekwa, nani aliondoka na nani alibaki?
3. Katika kijiji chako, mgeni anaandikwa na nani?
4. Kijana wenu akiahidiwa kazi ya mbali leo, mtamwuliza nini?