PAA JEUPE HUPUNGUZA JOTO

Sisi tunaosoma chini ya manjanja tunajua joto la saa nane. Kumbe hata wafanyabiashara wa New York, kule Marekani, wanalijua.

Magazini na depo nyingi kule ziko na paa bapa lenye gudroni nyeusi. Mwezi wa saba, jua likiwaka, paa lile laweza kupita digrii 65. Joto linashuka ndani, mashine za baridi hazipumziki, na mwenye magazini analipa makuta mengi ya kuranti.

Kubomoa paa lote ni bei kali. Basi wanalitengeneza: wanaziba nyufa na kutoa vizuia-joto vilivyolowana, kwani vikilowana havizuii tena. Wanaosha, wanaacha likauke, halafu wanapaka rangi nyeupe. Nyeusi inameza jua, nyeupe inalirudisha. Paa jeupe laweza kupungua digrii 28 hivi. Mwaka 2009 mji wenyewe ulianzisha mpango wa kupaka mapaa.

Manjanja yetu yenye kutu nayo yanameza jua. Tukipata rangi, tutoe kutu kwanza, tuzibe matundu, ndipo tupake. Maana rangi haizuii mvua.