Akija Mpima Moshi Mlangoni Pako

Msomaji, tuseme wewe ni mkazi wa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha. Jioni moja umerudi kutoka shamba la maua, mara anabisha mtu mwenye kifaa kidogo kama redio. Anakuomba ukivae mchana kutwa na usiku ukiweke kando ya kitanda, kipime hewa unayovuta. Je, umkubali?

Kwanza fahamu anachotafuta. Moshi wa kuni, makaa, mafuta taa na magari una chembe ndogo mno, kiasi kwamba unywele mmoja ni mnene kuzishinda zaidi ya mara 20. Pua haizizuii. Huingia hadi ndani ya mapafu, na nyingine hupenya katika damu. Huchangia nimonia kwa watoto, na maradhi ya moyo na kiharusi kwa watu wazima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka wa 2020.

Mbona basi kifaa kisitundikwe barabarani? Kwa sababu watu wa nyumba moja hawavuti hewa moja. Mama anayeinamia jiko huvuta moshi mwingi kuliko mumewe aliyeketi nje. Kule Laikipia, Majid Ezzati na Daniel Kammen waliwachunguza watu 345 wa nyumba 55. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2001, yalionyesha kuwa maradhi ya kupumua yaliongezeka kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi.

Kwa hivyo mtafiti hafai kuwachukua wanaojitolea pekee. Akiwapata tu walio nyumbani mchana, mfanyakazi wa zamu atasahauliwa. Jina lako likitokea kwa kura na ukubali, usimpe jirani kifaa akuvalie. Wala usipikie nje siku hiyo ili upate sifa, ikiwa kila siku hupikia ndani. Kifaa kikidanganywa, wanaodanganyika ni wakazi.

Hata hivyo, kuuliza si ujinga. Kabla ya kutia sahihi, uliza: Una leseni ya NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili? Utapima hewa tu, au utachukua damu pia? Nani ataona jina langu? Matokeo nitaelezwa lini, na kwa lugha gani? Kumbuka kwamba unaweza kukataa, au kujiondoa katikati, bila kunyimwa matibabu. Mtoto naye aulizwe, hata kama mzazi ametia sahihi.

Mama akiniletea mtoto anayekohoa, mimi husikiliza kifua, lakini sikio langu haliwezi kupima moshi aliovuta wiki nzima. Kifaa kile kinaweza.

Jambo moja lisingoje utafiti wowote: usilale na jiko la makaa ndani ya chumba. Gesi yake ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua watu usingizini. Litoe nje usiku wa leo.