Kesi ya Assange na Sheria ya 1917
Marekani ilimfungulia Julian Assange, raia wa Australia aliyeanzisha WikiLeaks, tovuti ya kuchapisha nyaraka za siri, mashtaka 18. Kati yake, 17 yalitokana na Sheria ya Ujasusi ya 1917, ambayo haimruhusu mshtakiwa kujitetea kwamba alichapisha kwa manufaa ya umma. Hapo ndipo waandishi wa habari waliposhtuka, maana kupokea siri na kuzichapisha ni sehemu ya kazi yao. Januari 2021 jaji wa London alikataa Assange apelekwe Marekani, lakini si kwa ajili ya uhuru wa habari. Hoja hiyo aliitupa. Alihofia Assange angejiua gerezani. Desemba uamuzi ukatenguliwa, Marekani ikiwa imeahidi kutomweka katika kifungo kikali. Juni 2024 Assange, kwa makubaliano na Marekani, alikiri shtaka moja mahakamani huko Saipan, kisiwa cha Marekani katika Pasifiki, akaachiwa huru kwa kuwa alikwishakaa katika gereza la Belmarsh, London, zaidi ya miaka 5.