Rubicon: mvinyo mpya wa shamba la kale lililouzwa bila jina lake

Mtu anayenunua duka lenye wateja wake huuliza mambo mawili kabla ya kutoa kilemba. Kwanza, jengo ni la nani. Pili, je, jina lililoandikwa juu ya mlango linauzwa pamoja na duka, au muuzaji anaondoka nalo? Wengi hukazania la kwanza wakasahau la pili. Huko bonde la Napa, jimbo la California nchini Marekani, jina na shamba la mizabibu vilitenganishwa mwaka 1964, na kuvirudisha pamoja kulichukua hadi mwaka 2011. Katikati ya miaka hiyo ulizaliwa mvinyo mwekundu unaoitwa Rubicon. Wiki hii ukurasa huu unafuatilia hesabu zake.

Shamba lenyewe linaitwa Inglenook, nalo liko Rutherford. Lilinunuliwa mwaka 1879 na Gustave Niebaum, nahodha wa meli mzaliwa wa Finland aliyetajirika kwa biashara ya ngozi za wanyama kutoka Alaska. Kwa kuwa fedha anazo tayari, Niebaum hakuwa na haraka ya faida. Alijenga kiwanda cha mawe, akaleta miche kutoka Ulaya, na mvinyo wake akautia mwenyewe kwenye chupa zenye nembo yake, wakati ambapo wengi huko walikuwa wakiuza kwa mapipa bila kujali umeishia kwa nani. Mwaka 1889 Inglenook ilipata tuzo katika maonyesho makubwa ya Paris. Niebaum alifariki mwaka 1908. Kuanzia 1920 hadi 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe, na shamba likanusurika kwa shida.

Aliyelifufua ni John Daniel Mdogo, ndugu wa upande wa mke wa Niebaum. Huyu ndiye aliyelipa jina Inglenook thamani yake ya kweli sokoni. Mvinyo wake wa mwaka 1941 hutajwa hadi leo na wanaokusanya chupa za kale. Mwaka ambao mavuno hayakumridhisha, hakuweka nembo. Aliuza kwa jumla, bila jina, akapata kidogo. Wafanyabiashara wanajua inavyouma kufanya hivyo wakati mishahara inasubiri. Lakini heshima ya nembo si lazima ijaze sanduku la fedha, na faida ya Inglenook ilikuwa ndogo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1964 Daniel aliuza kiwanda, sehemu ya mashamba na jina kwa kampuni ya United Vintners. Nyumba ya Niebaum na ardhi kubwa nyuma yake, hadi mlimani, vilibaki mikononi mwa familia.

Mwaka 1969 United Vintners ikaangukia mikononi mwa Heublein, wauzaji wakubwa wa vinywaji vikali, wenye vodka ya Smirnoff. Hao walilitazama jina kwa jicho la muuza jumla. Nembo iliyokuwa ikikaa kwenye chupa chache za shamba moja ikahamia kwenye magudulia ya mvinyo wa bei nafuu, uliotengenezwa kwa zabibu za kutoka maeneo mengine kabisa ya California. Kihesabu haikuwa kosa, kwani magudulia yaliuzwa kwa wingi mno. Mbele ya kiwanda cha mawe cha Niebaum walisimamisha ghala kubwa la mapipa, kiasi kwamba mtu wa barabarani hakuliona tena jengo la zamani. Inapouzwa nembo, msomaji, mnunuzi haulizi ilikuwa na maana gani kwa muuzaji. Huuliza itauza katoni ngapi.

Hapo ndipo alipoingia Francis Ford Coppola, mtengenezaji wa filamu. Mwaka 1975, kwa fedha alizopata kutokana na filamu ya The Godfather, alinunua ile nyumba na ardhi iliyobaki, zaidi ya ekari 1,500, ambayo sehemu ndogo tu ilikuwa mizabibu. Shabaha yake ilikuwa nyumba ya kupumzikia nje ya mji. Amesimulia mara nyingi kwamba aliyemfumbua macho ni Robert Mondavi, mfanyabiashara maarufu wa mvinyo wa Napa, baada ya kufunguliwa chupa ya Inglenook ya karne ya 19 na kukutwa ingali hai. Ardhi ilikuwa imethibitisha uwezo wake. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuiita kwa jina lake, maana Inglenook sasa ilikuwa mali ya mtu mwingine.

Basi ilibidi aanze na jina jipya, na pengine ndiyo maana hakutengeneza mvinyo wa aina moja ya zabibu kama majirani zake wengi. Alichagua mchanganyiko wa mtindo wa Bordeaux, Ufaransa. Nguzo yake ni Cabernet Sauvignon, zabibu yenye ganda nene, inayochelewa kuiva na kutoa mvinyo mkali ambao hulainika kwa miaka. Humo huongezwa Merlot, ambayo huwahi kuiva na ni laini zaidi, pamoja na Cabernet Franc kwa ajili ya harufu. Mkulima anaelewa mara moja: kwa kuwa aina hizi haziivi siku moja, mvua ikiharibu moja, nyingine yaweza kunusurika. Mchanganyiko ni ladha, lakini pia ni bima ya shamba.

Upande wa pili una gharama yake. Sheria ya Marekani hairuhusu jina la aina ya zabibu kuandikwa kwenye chupa mpaka aina hiyo ifikie kiwango fulani. Zamani ilikuwa zaidi ya nusu. Tangu 1983 ni asilimia 75. Anayetaka uhuru wa kuchanganya kila mwaka kadiri mavuno yalivyokuja hana budi kubuni jina ambalo mnunuzi hajawahi kulisikia, na jina jipya halina mteja hata mmoja. Coppola alichukua jina la mto wa Italia ambao Julius Caesar aliuvuka na jeshi lake mwaka 49 kabla ya Kristo, akawa hawezi tena kurudi nyuma. Mshauri wake wa ufundi alikuwa André Tchelistcheff, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda jirani cha Beaulieu na kuujua udongo wa Rutherford kama kiganja chake.

Mavuno ya kwanza ya Rubicon ni ya mwaka 1978. Chupa za kwanza zilifika sokoni mwaka 1985.

Hesabu hiyo ya miaka saba ndiyo mwekezaji mdogo anapaswa kuitazama. Mzabibu mpya hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kutoa zabibu za kufaa. Pipa la kawaida la mwaloni hubeba lita 225, yaani chupa 300, nalo hutumika vizuri kwa misimu michache tu. Wakati wote huo vibarua wanalipwa, ghala linagharimu, na riba ya benki hailali. Mvinyo uliomo pipani ni bidhaa iliyokwisha kulipiwa na isiyouzwa. Na mwenyewe hakuwa ametulia. Ili kukamilisha filamu ya Apocalypse Now iliyotoka mwaka 1979, aliweka mali zake binafsi rehani. Filamu ya mwaka 1982, One from the Heart, ilianguka vibaya na kumwachia madeni yaliyomwandama kwa miaka. Rubicon ya kwanza ilikuwa ikizeeka taratibu huku mwenye shamba akikimbizana na wadai. Mwenye moyo mwepesi angeuza mapipa yote kwa jumla akapunguza deni. Hakufanya hivyo, na hapa mwandishi anakiri kwamba hajui kama huo ulikuwa uerevu au ukaidi. Katika biashara vitu hivyo hufanana mpaka siku ya mauzo.

Fedha za filamu ndizo zilizoendelea kuunganisha vipande. Filamu ya Dracula ya mwaka 1992 ilipouza vizuri, Coppola alinunua mwaka 1995 kiwanda cha mawe pamoja na mashamba ya mbele. Lile ghala la mapipa hatimaye liliondolewa. Mwaka 2002 aliongeza shamba la Cohn, huko huko Rutherford, kwa dola milioni 31.5, bei iliyowashangaza hata wazoefu wa Napa. Lakini jina lilikuwa limekwisha kwenda mbali zaidi. Mwaka 1994 Heublein waliuza nembo ya Inglenook kwa Canandaigua, kampuni ambayo baadaye ikaitwa Constellation. Mwaka 2008 Constellation nao waliiuza kwa The Wine Group pamoja na nembo ya Almaden na mali nyingine, kwa dola milioni 134. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, aliyetaka mvinyo wa shamba la Niebaum hakupaswa kununua chupa iliyoandikwa Inglenook.

Coppola aliinunua nembo mwaka 2011. Kwa maelezo yake mwenyewe, alilipia jina zaidi ya alivyolipia ile ardhi ya mwaka 1975. Mwaka huo huo alimwajiri Philippe Bascaules kutoka Château Margaux ya Ufaransa kusimamia kazi. Je, alipunjwa? Ukilinganisha na magudulia, ndiyo, maana jina lilikuwa limechakaa. Ukilinganisha na ardhi iliyokuwa nyuma yake, yeye peke yake duniani ndiye aliyeweza kulitumia kikamilifu, na muuzaji bila shaka alilijua hilo. Mnunuzi ambaye hana pa kwenda hulipa bei ya asiye na pa kwenda. Mwaka 1975 jina hilo lilikuwa bado na heshima nusu, na kampuni kubwa haikuwa na sababu ya kuliachia.

Rubicon haikufutwa jina la zamani liliporudi. Nembo ya leo inasomeka Inglenook, na Rubicon ndiyo chupa yake ya juu. Mwaka 2021 Coppola alitoa kiwanda chake kingine cha Sonoma, kilichouza mvinyo wa bei za kati kwa wingi chini ya jina lake mwenyewe, kwa kampuni ya familia ya Delicato. Sehemu ya fedha alizopata huko ilikwenda kwenye filamu ya Megalopolis ya mwaka 2024. Shamba la Rutherford na jina lake havikuwemo kwenye mauzo hayo.