Kompyuta Inayojizima

Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, makarasha husaga mawe ya dhahabu, na vumbi lake halichagui pa kutua. Kompyuta ya mezani iliyo jirani hulivuta kwa feni yake kila siku, hata ikafika siku ikaanza kujizima.

Kabla ya kumwita fundi, tazama saa. Ikizimika mara tu inapowashwa, chunguza umeme kwanza. Ikifanya kazi dakika 15, ikazimika, kisha ikawaka tena baada ya kupoa, shuku joto.

Joto la prosesa hupita katika mapezi ya alumini, na feni hulipeperusha nje. Vumbi likiziba mapezi, hewa haipiti; prosesa ikikaribia sentigredi 100, mashine hujizima isije ikaungua. Kuzimika huko, basi, ni kinga. Tena, chumba kikipanda kutoka sentigredi 25 hadi 35, prosesa nayo hupanda takriban 10 zilezile. Ndiyo maana mashine iliyotulia asubuhi husumbua alasiri.

Chomoa waya, itoe nje, fungua ubavu, shika feni isizunguke, kisha pangusa mapezi kwa brashi laini. Usipulize kwa kinywa! Vumbi la mawe hayo huwa na silika, ambayo chembe zake zisizoonekana hutia mapafu makovu yasiyopona. Vaa barakoa ya vumbi, maana kitambaa hakitoshi, na usimame upande upepo unakotoka.

Ikiendelea kujizima, huenda ule ute uliopakwa kati ya prosesa na mapezi umekauka; hapo ndipo fundi aitwe.