Mbuzi Akiliwa, Nani Alipe?

Mbwa mwitu wa Ulaya si mnyama wa visiwa vyetu. Wengi wetu tulimjua kwanza chuoni, tulipofundishwa kisa cha Nabii Yusuf: nduguze walirejea kwa baba yao na kanzu iliyopakwa damu ya uongo, wakamsingizia mnyama huyo kosa ambalo hakulitenda. Tumekikumbuka kisa hicho kwa sababu huko Ulaya mbwa mwitu amefikishwa tena mashitakani, na safari hii sehemu ya mashitaka ni ya kweli.

Karne iliyopita nusura mnyama huyo amalizwe katika nchi nyingi za bara lile. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979 ukamwekea ulinzi mkali, naye akarudi. Ripoti ya Kamisheni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba katika nchi za Umoja huo wapo mbwa mwitu wapatao 20,300, na kwamba kila mwaka wanaua mifugo isiyopungua 65,500, wengi wao kondoo na mbuzi. Ukiitazama hesabu hiyo mbele ya kondoo milioni 60 wanaofugwa huko, utasema ni hasara ndogo. Lakini hesabu ya bara zima haimfariji mchungaji aliyeamka asubuhi akakuta kondoo wake kumi wamelala chini. Wala wakubwa hawasalimiki: Septemba 2022 mbwa mwitu alimuua farasi mdogo wa Bibi Ursula von der Leyen, Rais wa Kamisheni hiyo hiyo, kule Ujerumani. Desemba 2024 nchi za mkataba zilipiga kura kumshusha mnyama huyo daraja la ulinzi, na uamuzi ukaanza kutumika Machi 2025.

Sisi hatutaki kuwahukumu Wazungu katika shauri lao. Lililotuvutia ni jambo moja ambalo pande zote mbili huko hazibishani juu yake: mfugaji akiliwa mnyama wake, yupo mtu wa kwenda kumtazama mzoga, ipo karatasi ya kujazwa, na upo mfuko wa kulipa. Fidia hizo hufikia kiasi cha yuro milioni 18.7 kwa mwaka. Juu ya hapo serikali husaidia kununua nyua za umeme na mbwa wa kulinda makundi. (Na hata sisi tunaokwepa kugusana na mbwa tunajua kwamba sheria ya dini imemruhusu mbwa wa mifugo na wa shamba.)

Sasa turudi Unguja, ambako chui alikuwapo na mfuko haukuwapo.

Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo na yaliyokatikakatika. Mtaalamu wa Uingereza, Pocock, alimwandika vitabuni mwaka 1932 na kumpa jina la Dakta Aders aliyefanya kazi hapa. Aliishi katika misitu na maweni, akila paa, kima na nguruwe. Kadiri watu walivyozidi na mashamba yakasonga ndani ya vichaka, ndivyo naye alivyozidi kuonekana mabandani, na mbuzi na kuku wakapotea. Mzee wa kijijini aliyepoteza mbuzi wawili, ambao ndio mahari ya mwanawe na ndio akiba yake ya maradhi, alikuwa aende wapi? Ofisi ya mkoloni haikuwa na mlango wa shauri kama hilo. Akabaki kumtafuta mkosa miongoni mwa jirani zake. Ikasemwa kwamba chui yule si wa msituni, bali amefugwa na mtu mwenye uchawi, naye ndiye anayemtuma.

Wapo vijana wetu wasomi wanaoicheka imani hiyo. Sisi hatuicheki. Ndani yake limo dai la haki: kwamba hasara yangu ina mwenyewe, na mwenyewe huyo anapaswa kujibu. Tatizo lilikuwa kwamba dai hilo lilielekezwa kwa jirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likapata mkono wa nguvu, pale mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi alipoongoza kampeni ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja. Wananchi waliifurahia, kwani walichoka kuliwa mifugo yao. Chui wakauawa kwa wingi, na waliobaki wakaendelea kuwindwa miaka iliyofuata. Kufika mwaka 1997 mpango wa kuwahifadhi uliachwa, kwa sababu watafiti hawakupata ushahidi kwamba bado wapo. Mwaka 2018 kamera ya wapiga picha wa televisheni ya Marekani ilinasa picha ya mnyama waliyesema ndiye chui wa Unguja. Aliye na hamu ya kumwona kwa yakini itambidi aridhike na ngozi zilizohifadhiwa katika makumbusho.

Asidhani mtu kwamba hapa kwetu fidia haiwezekani. Kandokando ya Jozani, kima punju walilalamikiwa kwa miaka mingi kwamba wanamaliza nazi changa na mazao ya bustani. Jina lenyewe, punju, ni sumu. Tangu miaka ya 1990 sehemu ya viingilio vya watalii ikaanza kuwafikia wakulima na vijiji jirani. Watafiti wakahesabu nazi, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo: minazi ambayo kima waliila sana haikuzaa pungufu, bali ilielekea kuzaa zaidi, kama mti uliopogolewa. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa Hifadhi ya Taifa. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilihesabu kima punju zaidi ya 5,800, ambao asili yao haipatikani popote duniani isipokuwa kisiwani humu. Mkulima hakuacha kulalamika, na ana haki hiyo, lakini hakuchukua panga.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa misitu na mifugo wasingoje chui atokeze ndipo waanze kuulizana. Kila sheha awe na daftari la hasara za wanyama: tarehe, mfugo gani, mzoga ulikuwaje, nyayo za nani. Tunashuku kwamba daftari hilo likisomwa kwa haki, mbwa wasio na wenyewe watatajwa mara nyingi, na kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 eti atusafishie mji, atatajwa kwa kila kifaranga. Ofisa wa mifugo afike kabla mzoga haujaoza, siyo baada ya wiki mbili. Na kiasi cha fidia, hata kiwe kidogo, kiwekwe katika bajeti ya mwaka na kitangazwe barazani, ili mwenye mbuzi ajue mapema anakwenda kwa nani.