Mnara Mpya na Barua ya Mama Mdogo

MSAFIRI atokaye Mombasa kwenda Malindi hufika Mnarani kabla ya kuvuka daraja la Kilifi. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991 kwa msaada wa Japani. Kabla yake watu, magari na barua vilingoja feri. Huko juu ya jabali linalotazama mlango wa bahari, baina ya mibuyu, yamesimama magofu ya mji wa kale: msikiti mkubwa, kaburi lenye mnara, na mawe ya matumbawe yaliyochongwa maandishi kwa herufi za Kiarabu. Wenyeji wa mji huo waliuhama katika karne ya 17, lakini mnara wao umetuachia jina tunaloitwa hadi leo.

Siku hizi tunao mnara mwingine. Huu ni wa chuma, hauna adhana wala marehemu, na usiku huwaka taa nyekundu. Ni mnara wa simu. Mtoto wa leo ukimtajia mnara, macho yake huyainua kwenye huo wa chuma, si kwenye ule wa mawe.

Msomaji mpenzi, leo nataka kukusimulia habari ya mtu mmoja aliyekaa baina ya minara hiyo miwili.

NAJUA, MWANANGU

Ninaye mama mdogo hapa Mnarani, mjane, umri wake umepita miaka 70. Utotoni alitiwa chuoni kama wenziwe wote wa mtaani, akahitimu Kurani, kisha mwalimu wake akamfundisha kuandika Kiswahili kwa herufi zile zile. Skuli hakwenda, siku hizo wazee wengi hawakuwa radhi kumpeleka binti huko. Hata hivyo hati yake ni nzuri mno. Marehemu mumewe alipokuwa akisafiri na majahazi walikuwa wakiandikiana, na barua zile mama mdogo amezifunga kwa utepe, amezitia sandukuni pamoja na udi.

Miaka michache iliyopita walikuja vijana wa shirika moja, wamechukua simu pana za kioo mikononi. Walikuwa wakiwaandikisha kina mama ili wawe wakiletewa kwa simu habari za afya na biashara ndogo ndogo. Jambo la kheri. Kijana mmoja akakaa barazani kwa adabu, akauliza, "Bibi, unajua kusoma na kuandika?"

"Najua, mwanangu."

Akamwonyesha sentensi moja kwenye kioo ili aisome. Ilikuwa ya Kiswahili, lakini kwa herufi za Kizungu. Mama mdogo aliitazama kwa muda, akamrudishia. "Hizi sizo zangu," akasema.

Kijana akabonyeza palipoandikwa "Hajui". Simu ile haikuwa na mahali pengine pa kubonyeza.

Nilikuwapo. Nilikiona kidole kikishuka, nami nikanyamaza. Jioni mama mdogo akaniuliza, "Yule kijana kaandika nini?" Nikamjibu, "Kaandika jina lako." Hadi leo jibu hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

SIRI YENYE WASOMAJI

Huenda ukasema kwamba hilo ni neno dogo, fomu tu. Sikiliza basi. Mwanawe mkubwa yuko Maskati, na humtumia mamake matumizi kwa simu. Alasiri moja ujumbe uliingia, mama mdogo akampa mjukuu amsomee. Mtoto hana kosa. Akausoma kwa sauti pale barazani, kiasi cha fedha na jina la aliyezituma. Kabla ya magharibi watu watatu walikuwa wameshabisha hodi. Wa kwanza alitaka mkopo, wa pili alikumbusha mchango wa harusi, na wa tatu alikuja kupongeza tu. Huyo wa tatu ndiye aliyemuudhi zaidi.

"Zama za barua," akaniambia, "nilikuwa na siri. Leo siri yangu ina wasomaji."

Tena kuna hatari kubwa kuliko aibu. Asiyejisomea ujumbe wa fedha humpa mwingine simu yake pamoja na namba yake ya siri. Na matapeli hawana msimu.

Nisieleweke kwamba naikejeli simu. Kheri yake naijua. M-Pesa yenyewe ilianza kwa fedha za maendeleo: iliyokuwa Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza ilisaidia kugharimia majaribio yake pamoja na kampuni ya Vodafone. Majaribio yalianza mwaka 2005, Nairobi na Thika, na shabaha ilikuwa wakopaji wadogo waweze kulipa mikopo yao kwa simu. Lakini watu walipoipata mikononi waliigeuza wenyewe, wakawa wanatumiana fedha, mtu na mtu. Wenye mradi waliliona hilo wakalifuata, na Machi 2007 Safaricom ilipoifungulia nchi nzima, wito wake ulikuwa ni kutuma pesa nyumbani. Sisi watu wa pwani hatukushangaa. Babu zetu walikuwa wakituma fedha kwa hawala na kwa mikono ya manahodha, mali ikitangulizwa na uaminifu.

Hata kwenye afya simu imethibitika kufaa. Watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust, ambao kituo chake kipo hapa Kilifi tangu 1989, waliwapelekea wahudumu wa afya ujumbe mfupi wa kuwakumbusha namna ya kuwatibu watoto wenye malaria. Jaribio lilihusu zahanati na vituo 107 vya mashambani, pwani na magharibi mwa Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: kulinganisha na vituo ambavyo havikupelekewa kitu, waliotibiwa ipasavyo waliongezeka kwa zaidi ya watoto 20 katika kila 100, na faida hiyo ilikuwa bado ipo miezi sita baada ya ujumbe kukoma. Hayo yalitendwa na maneno machache katika simu za kawaida.

Lakini tazama: wahudumu wale walikuwa wakizisoma herufi za ujumbe ule. Chombo kiliwakuta walipo. Mama mdogo kilimpita.

HERUFI ZA NANI?

Tukumbuke kwamba Kiswahili hakikuzaliwa na herufi za Kizungu. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi wake mnamo 1858, na nakala zake za kale ni za herufi za Kiarabu. Mikataba, wasia na barua za mapenzi za mwambao huu ziliandikwa hivyo hivyo kwa karne kadhaa. Wakoloni ndio waliozipa herufi za Kirumi ofisi na skuli, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha Kiswahili kwa herufi hizo. Sina ugomvi nazo. Ndizo ninazoandikia makala haya. Ugomvi wangu ni na neno "Hajui".

Wala haifai kusema kwamba mashine haziwezi. Simu hiyo hiyo ya mama mdogo huandika Kiarabu ukiiamuru. Sauti za Kiswahili ambazo Mwarabu hana, kama "p", "ch" na "g", Wafursi na Waurdu wanazo herufi zake, na zimo ndani ya simu. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa, pamoja na Peter Frankl, walichapisha mapendekezo ya kuzipanga herufi za Kiarabu zitoshe Kiswahili. Baadaye Kevin Donnelly akatengeneza programu iitwayo Andika!, ya kuandika Kiswahili kwa hati hiyo kwenye kompyuta. Kazi ilishaanzwa, lakini wanaojaza fomu hawajaulizwa habari zake.

Wapo watakaosema: basi atume sauti. Hutuma, tena sana. Lakini sauti husikiwa na nyumba nzima, na hesabu ya fedha iliyoingia haiji kwa sauti. Aliyejifunza kusoma ana haki ya kusoma.

Ombi langu kwa wafadhili, serikali na vijana wetu wajuao kutengeneza programu ni dogo. Kabla ya kumwuliza mtu kama anajua kusoma, mwulizeni anasoma herufi gani. Swali hilo moja lingewaonyesha kina mama wengi, kuanzia Lamu hadi Vanga, ambao katika hesabu za leo wameandikwa wajinga hali wamehitimu.

Nami nilikuwa na deni la kulipa. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mama mdogo, nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia ukweli juu ya lile neno lililobonyezwa. Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na karatasi na kalamu. Akamwandikia mwanawe wa Maskati ukurasa mzima kutoka kulia kwenda kushoto, mkono ukienda mbio kama zamani. Kisha akamwita mjukuu aipige picha barua ile kwa simu na kuipeleka.

Mtoto, ambaye naye husoma madrasa, alijaribu kuidokoa. Akakunja uso. "Bibi, mbona haina irabu? Haisomeki."

"Yeye ataisoma," akajibu mama mdogo. "Wewe peleka tu."

Mtoto akabonyeza, barua ikaenda zake, naye mpelekaji asijue ilisema nini.